Kupoteza kwa Mafungu

Marco Olmo alikuwa mwendesha mashine ya kuchimbua mawe. Alifanya kazi hiyo kwa miaka katika kiwanda cha saruji cha Robilante, kijiji cha milimani katika mkoa wa Cuneo, kaskazini-magharibi mwa Italia, na kabla ya hapo aliendesha malori. Agosti 2006, akiwa na miaka 57, aliingia katika mbio za kuuzunguka mlima wa Mont Blanc: zaidi ya kilomita 150 za kupanda na kushuka kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, usiku kucha na mchana wake. Aliwashinda wote, akitumia saa 21 na dakika chache. Mwaka uliofuata akarudi na miaka yake 58, akashinda tena. Mwaka 2008 mbio hizo hizo zikachukuliwa na kijana wa miaka 20 kutoka Catalonia, Kilian Jornet, ambaye angeweza kuwa mjukuu wa mshindi aliyemtangulia.

Nimewasimulia watu kadhaa wa Kolwezi, mji wetu wa migodi nchini Kongo, habari hii, na hakuna aliyeniuliza Mont Blanc iko wapi. Wanauliza mashine ilikuwa ya aina gani. Hapa, tangu enzi za kampuni ya madini ya Union Minière mpaka ile ya Gécamines, ni nadra kupata ukoo usio na mtu aliyekalia kiti cha mashine au cha lori la mgodini, na watu wanajua kiti kile humfanyia nini binadamu: mgongo, magoti, masikio. Akitoka humo na pensheni yake, kama ipo, anatazamiwa akae chini ya mwembe na aamkiwe.

Olmo amewahi kusema kwamba katika maisha anajihesabu miongoni mwa walioshindwa, na kwamba mbio ni kisasi chake. Ni maneno matamu, lakini siyakubali yote. Hakuna anayekimbia saa ishirini na moja kwa hasira. Hasira humwishia mtu kwenye kilima cha kwanza, na mbele yake bado kuna vilima tisa. Kinachomvusha baada ya hapo ni kitu kingine, na kwa maoni yangu kinahusu zaidi namna mtu anavyopoteza kuliko namna anavyoshinda.

Wataalamu wa mwili hawana habari njema kwa yeyote aliyepita miaka thelathini. Uwezo wa mapafu, moyo na damu kuifikishia misuli hewa hushuka kwa kiasi cha asilimia 10 kila miaka kumi kwa mtu asiyefanya mazoezi. Kwa anayeendelea kujizoeza hushuka karibu nusu ya hapo. Yaani mazoezi hayazuii, yanapunguza kasi tu. Misuli nayo hupungua, na baada ya miaka sitini hupungua mbio zaidi. Kwenye mita mia mzee hana la kufanya. Kwenye kilomita mia za milimani ana kitu mkononi: anajua kuanza polepole, anajua kula kabla njaa haijamwambia, anajua kutembea pale ambapo kijana anaona haya kutembea. Ndiyo maana washindi wazee huonekana huko mbali, hawaonekani uwanjani.

Katika kundi letu la mbio za Jumapili alfajiri tulikuwa na mzee mmoja, mwendesha mashine wa zamani, ambaye wote tulimwita Papa, hata wale waliomzidi cheo kanisani. Tulitoka kabla malori hayajaanza kutimua vumbi, tukafuata barabara ya kwenda Luilu. Viatu vyake vilikuwa vya mtumba, na kila jozi mpya aliichana kwa wembe upande wa kidole kidogo kabla ya kuivaa mara ya kwanza, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimepinda na havikutaka kubanwa. Kupanda alipanda nasi, nyuma kidogo, akihema kwa sauti. Mteremko ndio uliomfunua. Akifika ukingoni alisimama kwanza, akameza mate, akageuza ubavu, akashuka kwa vihatua vya mshazari huku mikono ameitanua. Vijana walimpita wakimtania, naye aliwajibu kwa kuwauliza watakuwa wapi wao wakifika umri wake.

Wasiokimbia hudhani kupanda ndiko kugumu. Kupanda kunamaliza pumzi, lakini pumzi hurudi. Katika kushuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya kuuzuia mwili usianguke: inavutwa kuwa mirefu wakati ule ule inapojikaza, na nyuzi zake hupasuka kidogo kidogo kila hatua. Kijana huzishona kwa siku mbili tatu. Mzee huchukua wiki, na pengine zisishonwe zote. Katika mbio za milimani wanaotolewa njiani hutolewa mara nyingi na miteremko, tena usiku, tena wakiwa wamekwisha vuka kilele na kupongezwa.

Papa alilijua hilo bila kufundishwa. Kila mwaka alitoa kitu. Kwanza aliacha kuvaa saa. Kisha akakiacha kile kilima kirefu na kutungoja chini yake. Kisha akaacha kukimbia kwenye mteremko, akawa anautembea. Mwishowe aliacha kukimbia kabisa, akawa anatoka nusu saa kabla yetu kwa miguu ili tumkute njiani na kurudi pamoja. Na kila alipoacha jambo alilitangaza mbele yetu sote, kwa sauti ya mtu anayelipa deni la haki. Alikuwa akiutoa ujana wake kama akina mama sokoni wanavyotoa nyanya, kwa mafungu: hili leo, lile kesho, na kila fungu limeonekana na kuhesabiwa kabla halijaondoka.

Aliugua muda mfupi, akafa. Kwenye kilio waliosimama kusema walitaja kazi yake, kanisa lake, watoto na wajukuu. Mbio hazikutajwa. Sisi wa Jumapili tulikaa nyuma kwenye viti vya plastiki, tukatazamana, na hakuna aliyeinuka.

Nimemfikiria sana tangu hapo, hasa kwa sababu aliishi katika mji ambao haukupewa nafasi ya kupoteza kama alivyopoteza yeye.

Kizazi chake kilikimbia mbio zake za kwanza kubwa Mei 1978, wakati waasi walipouteka mji na baadaye askari wa Kifaransa wakashuka kwa miavuli. Mamia ya watu waliuawa, weusi na weupe, na wengine walikaa porini siku kadhaa na watoto mgongoni. Walirudi, wakafanya kazi. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ikaporomoka. Mwaka 1991 askari wakapora mji. Kisha majirani wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa hapa hapa na kucheza nasi mpira, wakafukuzwa. Mwaka 1993 walikuwa wamelala stesheni na magodoro yao wakingoja treni, na wengine walifia hapo. Mwaka 1994 uzalishaji wa shaba ulikuwa umeanguka hadi karibu tani 30,000. Miaka minane, kutoka 470 hadi 30. Kama ingekuwa mapigo ya moyo, daktari asingesubiri.

Halafu ikaja 2003. Kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliokuwa wametumika miaka 25 na kuendelea walilipwa fungu moja la pesa na kuondoka. Mpango uliitwa wa kuondoka kwa hiari. Watu hapa huutaja kwa herufi mbili za jina lake la Kifaransa, DV, na mtu akisema baba yake ni wa DV, huhitaji kuuliza zaidi. Mishahara ilikuwa imelala miezi na miezi, kwa hiyo hiari yenyewe ilikuwa ya mtu aliyeketi kwenye tawi linalokatika.

Ili kujua kilichoondoka siku ile, inafaa kukumbuka kilichokuwapo. Katika kambi za wafanyakazi kampuni ndiyo iliyotoa nyumba, hospitali, shule, posho ya unga wa bukari, na hata timu za michezo. Wafanyakazi walikuwa na usemi wao: kazi njo baba, kazi njo mama. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Lubumbashi, alipoandika kitabu chake cha 2001 kuhusu familia za wafanyakazi wa Katanga, alikipa jina linalowataja watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Sijui jina la kitabu cha historia linalouma kuliko hilo.

Tazama basi tofauti. Mkimbiaji anayezeeka anapoteza dakika mwaka huu, kilima mwaka ujao, na kila kinachoondoka anakiona kikiondoka. Ana muda wa kukizika. Mfanyakazi wa DV alilala Jumatatu akiwa mtu wa zamu ya asubuhi, mwenye namba, mwenye kofia ya chuma, mwenye hospitali. Jumanne hakuwa na zamu. Alipoteza kwa siku moja vitu ambavyo mtu angepaswa kuviacha kimoja kimoja kwa miaka ishirini. Nimeona wazee wa aina hiyo wakiamka saa kumi alfajiri miaka kumi baadaye, wakanawa uso, wakavaa viatu, wakakaa kitandani. Mwili ulikuwa bado unakwenda kazini.

Huzuni ya namna hiyo haina mahali pa kushikia. Huwezi kuifanyia kilio, maana aliyekufa hayupo: mtu mwenyewe yu hai, anakula, anasalimiwa.

Lakini nisitie chumvi, maana kuna ushahidi upande wa pili, tena mzito. Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa marathoni ya Olimpiki mwaka 1960 akiwa pekupeku mjini Roma na tena 1964 mjini Tokyo, alipata ajali ya gari Machi 1969, na miguu ile haikutembea tena. Kama kuna mtu aliyepoteza kwa siku moja, ni yeye. Mwaka uliofuata alikuwa Uingereza, kwenye michezo ya walemavu ya Stoke Mandeville, akishindana kwa upinde na mshale akiwa katika kiti cha magurudumu. Mwaka 1971 alikwenda Norway akashinda mbio za sleji juu ya theluji. Alikufa 1973, na miaka minne hiyo ya mwisho mimi huiheshimu kuliko medali zake mbili. Na hapa Kolwezi, wakati baba wa DV wamekaa kitandani na viatu vyao, akina mama ndio waliochukua jembe kwenda kulima mahindi na mihogo nje ya mji, wakauza makaa, sombe na maandazi, wakalipa ada za shule. Wao hawakuwa na pensheni ya kupoteza wala hawakuwahi kuandikwa namba. Walianza mbio zao katikati ya mlima, na wengi bado wanakimbia.

Kwa hiyo sisemi kwamba kupoteza kwa ghafla humuua mtu. Nasema humnyima kitu ambacho Papa alikuwa nacho, nacho ni heshima ya kuamua mwenyewe fungu lipi litangulie.

Mbio ndefu zenyewe, ukizichunguza asili yake, zina msiba ndani. Mbio mashuhuri kuliko zote za masafa marefu barani Afrika ni Comrades ya Afrika Kusini, kati ya Pietermaritzburg na Durban, karibu kilomita 90 za barabara yenye vilima visivyo na huruma. Aliyezianzisha, Vic Clapham, alikuwa askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliyetembea kwa miguu katika kampeni ya Afrika Mashariki, kwenye nchi ambayo leo ni Tanzania, akiwafukuzia Wajerumani kwa zaidi ya kilomita 2,000. Aliona wenzake wakianguka njiani. Vita vilipokwisha aliomba ruhusa ya kuanzisha mbio za kuwakumbuka, akakataliwa, akaomba tena, na Mei 24, 1921, watu 34 wakaanza kukimbia. Sanamu ya mawe hakuitaka. Alitaka watu wachoke kama wale walivyochoka.

Kwenye mbio hizo alikimbia Wally Hayward, aliyeshinda mara ya kwanza mwaka 1930 akiwa kijana wa miaka 21, akashinda tena mara nne miaka ya 1950. Mwaka 1989, akiwa na miaka 80, aliingia tena. Kikomo cha muda kilikuwa saa 11. Hayward alifika uwanjani akiwa anayumba, na alivuka mstari zikiwa zimebaki dakika zisizotimia mbili. Hakukimbia tena Comrades. Ninavyoiona mimi, siku ile hakushinda lolote: alikuja kurudisha kitu alichokuwa amekiazima miaka 59 nyuma, akakikabidhi kabla ya ofisi kufungwa.

Nikisoma habari za Clapham nakumbuka wengine waliotembea njia zile zile. Jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, lililoingia Tabora Septemba 1916, lilibebewa risasi na chakula na wapagazi zaidi ya 200,000. Upande wa Waingereza nao walikuwa na jeshi zima la wapagazi, ambalo jina lake limebaki Dar es Salaam na Nairobi katika mitaa ya Kariakoo na Kariokor, na waliokufa humo huhesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mzigo kichwani, kuhara damu, milima, mvua. Hakuna aliyewaanzishia mbio. Wengi wao hata majina yao hayakuandikwa popote, na familia zilizongoja zilingoja mpaka zikachoka kungoja.

Kolwezi haina milima ya kuitwa milima. Tuko juu, karibu mita 1,450 kutoka usawa wa bahari, lakini ni tambarare yenye vilima. Vilima vya shaba vilijulikana kwa mbali tangu zamani kwa sababu juu yake miti haikuota. Madini yaliyo kwenye udongo yaliikataza, yakaacha nyasi na vimaua vichache vilivyozoea sumu ile. Wahenga wetu, wayeyushaji wa shaba wa kabila la Wasanga na wengineo, walitafuta upara ule wakajua wapi pa kuchimba. Sasa vingi vya vilima hivyo ni mashimo. Kinachoonekana kama mlima ukiwa njiani kwenda Musonoi ni kifusi, yaani tumbo la kilima kingine lililomwagwa nje. Tulikuwa tukikimbia kandokando yake, na Papa aliwahi kutuonyesha kwa kidole hewani, juu ya shimo, mahali kilele kilipokuwa. Alikuwa mmoja wa waliokiondoa. Alisema hivyo bila majivuno na bila majuto, akaendelea kutembea.

Hata milima mikubwa haidumu kama tunavyodhani. Kilimanjaro, mita 5,895, imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912. Kwenye mlima huo kuna mtu ninayependa kumfuatilia, Simon Mtuy, Mchaga aliyekulia kijiji cha Mbahe, kwenye mashamba ya migomba chini ya msitu. Mwaka 2004 alipanda na kushuka Kilimanjaro kwa saa 8 na dakika 27, wakati ambapo mgeni wa kawaida hutumia siku sita au saba. Mwaka 2006 akarudia bila msaada wa mtu, akibeba mwenyewe maji na chakula chake, akatumia saa 9 na kama dakika 20. Mwaka 2010 akaja Jornet, yule yule kijana aliyempokea Olmo kijiti cha Mont Blanc, akafanya saa 7 na dakika 14. Mwaka 2014 Karl Egloff wa Ecuador akashusha hadi saa 6 na dakika 42.

Rekodi ni mali ya ajabu, ndiyo pekee ambayo mtu huitafuta akijua hakika kwamba itaibwa, na ataipongeza mikono iliyoiiba. Mtuy hakuhama mlimani kwa sababu ya kuporwa. Aliendelea kuongoza wageni, akaanzisha safari ya mbio ya kuuzunguka mlima wote kwa siku nane, takriban kilomita 260, ikipita vijijini na mashambani bila kugusa kilele hata kidogo. Hilo la kuacha kilele mimi naliona ni tendo la mtu mzima. Kilele kina rekodi. Kwenye vijiji vya chini kuna watu wanaotoka nje kupunga mkono.

Na hapa ndipo tafakari yangu inapogonga mwamba, kwa maana wenye haki ya kulalamika juu ya kupoteza katika mkoa wetu wa Lualaba leo wala si wazee.

Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na sehemu kubwa yake hutoka chini ya miguu yetu. Mwaka 2014 mtu mmoja alipochimba uani kwake mtaa wa Kasulo na kukuta madini, mtaa mzima uligeuka mashimo, mpaka vyumbani. Wachimbaji wa mikono hushuka kwa kukanyaga vishimo vilivyochongwa ukutani, taa kichwani, wengi bila viatu. Sheria inataka wasipite mita 30, wanapita. Magunia hupandishwa kwa kamba na kwa mgongo. Juni 2019, katika mgodi wa KOV, ukingo uliporomoka na kuwafunika makumi yao. Kijana wa namna hii akifika miaka thelathini ana magoti ya Papa na kikohozi ambacho Papa hakuwa nacho. Yeye hupoteza mwili kabla hajaufahamu. Hajawahi kuwa na kasi ya kuacha wala kilima cha kuachia wengine; ujana wake wote ulikwenda kwenye gunia, kwa bei ya mnunuzi, kwa mizani ya mnunuzi.

Ukimwambia huyu habari za uvumilivu wa wazee wa Mont Blanc atakuangalia tu, na atakuwa na haki. Uvumilivu unaosifiwa magazetini ni wa mtu anayeweza kusimama kituoni, akavua namba yake kifuani na kusema basi, imetosha, kisha akapewa supu na blanketi. Asiye na ruhusa ya kuacha hatuwezi kumpima kwa kipimo hicho, na kumsifu kwa uvumilivu ni kumwongezea mzigo.

Ninachoweza kukiomba ni kidogo, tena kiko ndani ya uwezo wa mji huu. Kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, John Stephen Akhwari wa Tanzania aliumia goti, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amemaliza kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, wa mwisho kabisa, giza limeingia na watazamaji wengi wamekwenda zao. Bado palikuwa na mtu wa saa. Ndiyo maana leo tunajua kwamba alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27.

Basi ninyi mnaoandaa mbio hapa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, msiondoke na saa yenu baada ya kumpa kijana kikombe na kupiga naye picha. Mwacheni mtu mmoja pale mstarini, na kiti, na daftari. Wekeni daraja la waliopita miaka sitini, wanaume na wanawake, na wale mama wa shambani wakija na vitenge vyao waruhusiwe kukimbia navyo. Msiweke kikomo cha muda. Na anapofika wa mwisho muulizeni jina lake lote, mliandike na muda wake.